Mabuti Kivulini

Saa kumi kamili mji huu humwaga watu kama beseni lililopinduliwa. Mabasi meupe hutoka Lango Jipya moja baada ya jingine, madirisha yamefungwa kwa ajili ya kiyoyozi, na ndani wageni wameinamia simu zao wakitafuta picha waliyopigwa wakining'inia juu ya korongo, miguu juu kichwa chini. Hawatazami nje. Basi la mwisho peke yake ndilo hupita Mtaa wa Chini. Husimama kituoni dakika mbili kwa sababu bado ipo amri ya zamani kwamba lisimame. Dereva hufungua mlango, hapandi mtu, hashuki mtu, hufunga, huyoyoma. Vumbi hubaki hewani kidogo, kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya, halafu nalo hushuka.

Fundi aliitazama shughuli hiyo kila jioni akiwa barazani kwake, kiatu cha mtu katikati ya magoti, sindano ya kushonea soli mkononi.

"Wameondoka tena wakwe zako," kinyozi alimwambia kutoka ng'ambo ya barabara. Alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda chake, taulo begani, hana kichwa cha kunyoa. "Hata salamu hawajakuachia?"

"Salamu wameiacha langoni, wakakatiwa risiti," Fundi alijibu bila kuinua uso.

"Basi kesho nenda ukaichukue."

"Nitakwenda siku watakayonibeba."

Kinyozi alicheka peke yake, akaingia ndani. Alijua utani wa jirani yake una mpaka, na mpaka wenyewe ni lile lango.

Zamani mambo hayakuwa hivi. Udongo wa korongo ni mwekundu, unang'ang'ania kiatu kama mtoto anayeachishwa ziwa. Mgeni aliyeteremka asubuhi kwenda kuvuka daraja la kamba, au kupanda mashua ya mpira na kurushwarushwa na maporomoko, alipanda mchana akiwa na miguu miwili mizito kama matofali. Na njia ya kupandia ilipita hapa, mbele ya baraza hili. Mkewe Fundi hakuwa na cheti cha hoteli wala cha kitu chochote. Alikuwa na karai, brashi ngumu na mdomo mtamu. "Vueni, wanangu," angewaambia, "mtaingiaje mjini na shamba zima miguuni?" Wangevua. Angefua mabuti bure, angeyapanga uani, na jioni, mgeni akija kuulizia, angetia mkono ndani ya buti hadi kwenye vidole, akatikisa kichwa kama daktari. "Bado. Huku mbele kuna unyevu. Ukivaa hivi utatoka malengelenge, na mimi nitalala na dhambi."

Mtu peku ataenda wapi? Alilala. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu vya wageni, vitanda saba, magodoro ya pamba. Aliyelala alikula, na aliyekula alimsikiliza Fundi, maana Fundi alikuwa amefanya kazi ya kamba korongoni miaka kumi na tisa, kabla ya waya za chuma na vijana wenye vyeti. Alisimulia mafuriko yaliyobeba daraja la kwanza, na bwana harusi aliyeapa kuruka mbele ya bibi harusi, kisha akakumbatia nguzo hadi wakamng'oa kwa maneno. Kesho yake wageni walitaka kuona ile nguzo. Wakalala tena.

Halafu wakubwa wa mji wakajenga Lango Jipya upande wa pili wa kilima. Ndani ya lango kuna mabuti ya mpira ya kukodi, bafu za maji ya moto, duka, chakula, na kiti cha kukaa ukisubiri basi. Mgeni anaingia na viatu vikavu na kutoka navyo vikavu, kana kwamba hakuwahi kufika. Fundi hakusoma zaidi ya darasa la nne, lakini hesabu hii aliijua: mlango ukihamishwa, nyumba inakuwa ukuta.

Hilo angeweza kulimeza. Lile jingine ndilo lililomkaa kooni. Mji ulikuwa na gari moja la wagonjwa, na sheria ilisema mtu haruki korongoni mpaka gari hilo liwe limesimama pale ukingoni. Siku mkewe aliposhikwa na kifua, adhuhuri, jua la utosi, gari lilikuwa ukingoni na foleni ya warukaji ilikuwa ndefu. Watu wameshalipa, mtu wa zamu alisema kwenye simu. Subirini kidogo foleni ipungue. Walisubiri dakika arobaini. Mwishowe alibebwa kwenye pikapu ya mizigo, kichwa kwenye paja la mumewe, na hakuliona geti la hospitali. Mwaka wa tatu sasa. Tangu siku hiyo vyumba vitatu vilikuwa na kufuli, na Fundi hakukanyaga langoni wala hakuweza kusikia neno "utalii" bila kutema mate pembeni.

Na binti yake wa pekee aliajiriwa huko huko.

*

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Serikali."

Binti alilipokea jina hilo kama alivyolipokea kila wiki, akaketi kwenye benchi, akaweka magotini ubao wake wa kuandikia wenye fomu zimebanwa juu yake. Alikuwa karani wa takwimu katika ofisi ya utalii. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya watu wasio na muda na kuwauliza: mmetoka wapi, mmekaa siku ngapi, mmetumia kiasi gani, mmetumia wapi. Alikuwa na macho ya mama yake, makubwa na yasiyo na haraka, na hili Fundi hakupenda kulitazama sana.

"Bosi wenu nimemsikia redioni," Fundi alisema. "Anasema utalii umepaa."

"Wageni wameongezeka kwa theluthi moja, ni kweli."

"Umepaa, ndiyo. Umepita juu ya vichwa vyetu na kelele tumeisikia."

"Wanaongezeka lakini hawalali, baba. Zamani mgeni alikaa wastani wa siku mbili. Mwaka huu ni nusu usiku."

"Nusu usiku ndiyo nini? Mtu analala ubavu mmoja?"

Binti alicheka, na kwa kicheko kile baraza lilipata uhai kidogo. Kisha akaacha. Fundi aliona amekuja na jambo, maana alikuwa akikwangua rangi ya kalamu kwa ukucha, tabia ya tangu utotoni.

"Baba, wamekaa kikao. Wanataka kupunguza vituo vya basi. Mtaa ambao haufikishi usiku arobaini kwa wiki utaondolewa kituo. Mgeni mmoja akilala mara moja, huo ni usiku mmoja. Tumeanza kuhesabu Jumamosi, na hesabu inafungwa usiku wa Ijumaa. Mtaa huu nimepewa mimi."

"Leo ni Jumatano."

"Leo ni Jumatano. Mna ishirini na tisa, nyumba zote pamoja."

Fundi aliweka kiatu chini. Bila kituo, Mtaa wa Chini ni kichochoro. Hata hivi viatu vichache vya kushona vililetwa na watu wa basi. Kaka yake alikuwa amekwisha kumwambia mara mbili: uza nyumba, njoo ukae na sisi, unang'ang'ania nini huko? Alichong'ang'ania kilikuwa ukuta wa jikoni wenye alama nyeusi pale ambapo mkewe alizoea kuegemeza mgongo akisubiri maji yachemke. Kitu kama hicho huwezi kukifunga kwenye sanduku ukahama nacho.

"Basi andika arobaini," alisema.

"Baba."

"Nani atakuja kuhesabu? Wao wenyewe wamelala. Andika arobaini na mbili, tuonekane hatujabana."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Nikiandika uongo hapa, na kila ninachoandika kwingine kinakuwa uongo." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Kuna mambo nayaandika kule nataka yaaminiwe."

"Mambo gani? Bei ya kuning'inia?" Fundi alisimama, goti likalia. "Mama yako walimwekea foleni. Leo wanataka kunitoa kwenye nyumba yake, na kalamu wamempa nani? Wamempa mwanaye. Hawa watu wana akili, tusiwadharau."

Alijua amepitiliza hata kabla neno la mwisho halijatua. Binti alikusanya fomu zake, akazigonga gonga ukingoni zikae sawa, akasema, "Nitapita kesho," na akaondoka kwa ile njia ya kupandia ambayo siku hizi haipandwi na mtu. Chai aliyomiminiwa ilibaki kikombeni mpaka ikaota utando. Fundi aliinywa hivyo hivyo, baridi, kama mtu anayejiadhibu.

*

Alhamisi, jua likiwa ndiyo kwanza limepita utosini, mwanamke mwenye mvi fupi na mkoba mgongoni aliipanda njia ile ya zamani. Alikuja polepole, fimbo mkononi, na mabuti yake yalikuwa mekundu hadi kwenye vifundo. Kinyozi alimwona wa kwanza, akapiga mluzi.

"Fundi! Kuna mtu ana udongo miguuni! Mshike kabla hawajamtoza faini!"

Mwanamke alisimama mbele ya baraza, akavuta pumzi, akaitazama nyumba juu hadi chini.

"Hapa ndipo kwa yule mama wa mabuti?"

"Ndipo," Fundi alisema. Kisha ikabidi aseme na lile jingine. "Ametutoka. Huu mwaka wa tatu."

Mgeni hakupiga yowe wala kusema pole za haraka haraka. Aliketi kwenye benchi kama mtu aliyekatwa kamba, akaweka fimbo chini, akainamisha kichwa. Alikuwa mwalimu wa jiografia, mstaafu sasa. Alikuja mara nne na wanafunzi wake, miaka ile, na kila mara walilala hapa. Leo amekuja peke yake. Langoni walitaka kumkodishia mabuti ya mpira, akakataa.

"Wewe ndiye mume," alisema hatimaye. "Umekonda. Lakini ni wewe. Bwana harusi na nguzo."

Fundi alishtuka, maana hakuna aliyemtajia nguzo hiyo siku nyingi. Ili asijibu, alisema, "Vua, mwalimu, nikufulie." Maneno yalimtoka kabla hajayapima.

Karai lilikuwa pale pale lilipoachwa, limejaa misumari na vipande vya raba. Alilimwaga, akalisugua, akapiga magoti uani. Hakuwahi kufua buti maishani. Alikuwa akishona tu kile ambacho mwenzake alikwisha kukisafisha. Udongo ulitoka kwa shida, ukatia maji rangi ya kutu, na kila alipofikiri amemaliza, mshono mwingine ulitema zaidi. Alipoyaweka juu ya jiwe la kuanikia, mwalimu alikuwa amekuja uani peku, akisimama kwa uangalifu kama ndege.

"Siyo hapo," mwalimu alisema, anatabasamu. "Yeye hakuwa akianika hapo."

"Alianika wapi? Jua liko hapa."

"Ndiyo maana." Aliona Fundi haelewi, akasita. "Fundi, hujui?"

"Sijui nini?"

"Jua la huku linakausha tofali kwa saa tatu, seuze buti. Yale mabuti yalikuwa yakikauka mapema sana. Mimi niligundua safari ya pili. Niliamka usingizini alasiri nikachungulia, nikakuta yamehamishiwa kivulini, kule nyuma ya pipa, na yamenyunyiziwa maji kwenye pua. Nikamwendea jikoni nikamwambia, mama, kumbe unatufunga kamba?"

"Alikuwa akitafuta wateja," Fundi alisema kwa ukali kidogo. "Biashara ni biashara."

"Hata mimi nilifikiri hivyo. Nikamwambia, usihangaike, tutalala tu, tutalipa. Unajua alinijibu nini?" Mwalimu alishusha sauti, ingawa uani hapakuwa na mtu. "Alisema, mwalimu, pesa tutapata hata bila hivi vyumba. Ni huyu mume wangu. Kutwa anaongea na kamba. Usipokuwepo mgeni hapa, anakula kimya, analala kimya, mpaka naogopa. Lakini mpe mtu mmoja tu mgeni mezani, utamwona anavyowaka. Nami napenda kumwona akiwaka. Basi nimeamua kuiba viatu vya watu."

Fundi alichukua brashi, akaitazama, akairudisha chini. Alisema kuna kitu amesahau jikoni. Kule jikoni alisimama mbele ya ile alama nyeusi ukutani, akaigusa kwa kiganja, na mabega yakamtikisika kama ya mtu anayecheka. Na huenda kweli kulikuwa na kicheko ndani yake, kimechanganyika na mengine. Miaka yote ile alijiona yeye ndiye aliyeishikilia nyumba: simulizi zake ndizo zilizowafanya wageni wakae. Kumbe simulizi ndizo zilizotafutiwa wageni, kama mtu anavyotafutiwa dawa, na aliyeitafuta alikwenda kivulini kila alasiri na kikombe cha maji bila kudai shukrani.

Alikaa kule hadi jua likashuka; alipotoka nje macho yalikuwa mekundu, na mwalimu alikuwa muungwana, akayatazama mabuti. Basi la mwisho lilikuwa likisikika linashuka kilima.

Fundi alitia mkono ndani ya buti hadi kwenye vidole. Lilikuwa kavu kama mkate wa juzi. Alifungua kinywa, na uongo ulikuwa pale tayari, umelainishwa na miaka mingi ya matumizi. Hakuweza kuutoa. Ulikuwa na mwenyewe, mkewe.

"Yamekauka, mwalimu," alisema. "Basi hilo linakuja. Lakini… chumba kipo. Kina vumbi. Mimi kupika kwangu ni mayai na chai, basi. Ila ningependa ulale."

Basi lilisimama dakika zake mbili. Mlango ukafunguka, ukafunga.

"Godoro ni lile lile la pamba?" mwalimu aliuliza.

"Lile lile."

"Basi Mungu anisaidie mgongo."

*

Karani alifika giza likiwa ndiyo kwanza linaingia, ubao wake kifuani, kinyozi nyuma yake akijifanya amekuja kuazima kiberiti. Kinyozi ndiye aliyekwenda kumwita. Walisimama mlangoni wote wawili, kwa sababu ndani palikuwa na sauti.

"…nikamwambia, bwana harusi, hiyo nguzo ni ya serikali, ukiing'oa utailipa! Anajibu nini? Anasema, mzee, nikiiachia mke wangu atabaki mjane na madeni ya harusi hajalipa!"

Mwalimu alikuwa akifuta machozi kwa leso. Fundi alikuwa amesimama kati ya meza na jiko, mikono imekumbatia nguzo isiyokuwepo, na uso wake ulikuwa umewaka. Alipomwona binti yake mikono ikamshuka.

"Endelea, baba," binti alisema taratibu. "Mimi nipo kazini tu."

Alimhoji mgeni kama alivyowahoji wote. Umetoka wapi, umekaa siku ngapi, umetumia wapi. Alipofika kwenye sababu ya kulala alisoma orodha: mandhari, michezo ya korongoni, bei nafuu, ndugu na jamaa.

"Niliombwa," mwalimu alisema.

"Samahani?"

"Andika niliombwa. Langoni hakuna aliyeniomba."

Kalamu ilisimama kidogo, halafu ikaandika kwenye mstari wa mwisho, ule wa "nyinginezo".

Baadaye mwalimu alikwenda kulala, kinyozi akaondoka na kiberiti ambacho hakukihitaji, na baba na binti wakabaki wakiosha vikombe. Yeye anaosha, baba anafuta.

"Mama yako alikuwa akiyanyunyizia maji yale mabuti," Fundi alisema. "Makusudi. Leo ndiyo nimeambiwa."

Binti hakuinua macho kwenye beseni. "Baba, nani unadhani alikuwa akitumwa kuyahamishia kivulini?"

"Wewe?"

"Tangu nina miaka sita. Nilikuwa nalipwa kijiko cha sukari."

"Na kinyozi?"

"Kinyozi alikuwa akikaa macho, ukitoka dukani apige mluzi."

"Mtaa mzima!" Fundi aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Mtaa mzima mnanilia njama, mimi nimekaa hapo nje najiona mjanja!" Na safari hii alicheka kweli, mpaka akakohoa, na binti akacheka, povu mikononi, na kwa muda jiko lilikuwa na watu watatu.

Kicheko kilipokwisha Fundi alichukua kikombe kingine, akakifuta. Kisha alisema, "Jana nilikukosea. Yale maneno hayakuwa ya kumwambia mtoto."

"Mimi ndiye niliyepiga simu siku ile, baba. Unakumbuka? Wewe ulikuwa umemshika. Mimi ndiye niliyeambiwa foleni ipungue kwanza." Alikamua kitambaa, akakikunjua, akakikamua tena. "Ndipo nikaomba kazi pale. Nilitaka niwemo ndani ya chumba kile kile wanamoamulia gari lisimame wapi. Kila ripoti ya mwezi, mwisho kabisa, naongeza mstari wangu: mji una gari moja la wagonjwa, na gari hilo halitoki ukingoni. Hawausomi. Mwezi unaofuata nauandika tena. Siku moja mtu atausoma, na siku hiyo nataka kila namba iliyo juu yake iwe ya kweli."

Fundi alimtazama. Aliyatazama yale macho makubwa yasiyo na haraka bila kukwepa, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Wakubwa hakuwasamehe, hata sasa, mate yalikuwa pale pale. Lakini alikuwa amedhani anaubeba peke yake mzigo huu, na kumbe upande wa pili kulikuwa na bega dogo limejikaza miaka mitatu.

"Tumefika ngapi?" aliuliza.

"Na mwalimu, thelathini na tatu."

"Zimebaki saba." Alikikagua kikombe kwenye mwanga, akakitundika. "Mabasi ya asubuhi yanaingia langoni saa ngapi?"

Binti aligeuka, maji yakimdondoka viwikoni. "Saa tatu."

*

Asubuhi ya Ijumaa Fundi alivaa shati lililopigwa pasi. Kinyozi alimnyoa ndevu bure na hakufanya mzaha hata mmoja, jambo lililomtia Fundi hofu kuliko mzaha wowote.

Lango lilikuwa kubwa kuliko alivyolichukia. Kulikuwa na maua kwenye mapipa yaliyopakwa rangi, na muziki uliotoka mahali asipopaona, na mbele kabisa, pembeni mwa ukingo, gari jeupe lenye mstari mwekundu. Alisimama hapo. Dereva wa gari hilo, kijana mwembamba, alikuwa akifuta kioo cha pembeni kwa kitambaa.

"Shikamoo, mzee," kijana alisema.

Fundi alilitazama gari, mlango wake wa nyuma, kitanda chake chembamba kilichotandikwa shuka safi. Ilimchukua muda. "Marahaba," alisema, na akapita.

Binti yake alikuwa kwenye kituo chake, karibu na mabasi, ubao kifuani. Walitazamana, hawakusemeshana; yeye ni wa kuhesabu tu, sheria ni sheria. Basi la kwanza likafungua mlango. Walishuka watu wanane, wanawake kwa wanaume, fulana za rangi moja, wakisukumana kwa furaha ya watu waliopewa likizo ya siku mbili baada ya kuisubiri mwaka. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya mto.

Fundi alijisogeza. Neno la kwanza lilikwama. La pili pia.

"Unauza nini, mzee wangu?" yule mama alimuuliza.

"Siuzi. Nashona viatu." Watu walimtazama. "Yaani nina nyumba, Mtaa wa Chini, nyuma ya kilima. Nina vyumba. Kama mngependa kulala."

"Kulala!" mmoja alidakia nyuma. "Mzee umewapata wenyewe! Sisi ni kiwanda cha magodoro!"

Wakaangua kicheko. "Una magodoro gani, mzee?" yule mama aliuliza, mkono kiunoni, kama mkaguzi.

"Ya pamba."

"Ya pamba! Jamani, ya pamba! Yapo bado duniani?"

"Yana mabonde," Fundi alikiri. "Na mimi si mpishi. Yupo mwalimu mmoja amelala jana, asubuhi kaamka anashika mgongo."

Walicheka tena, lakini kicheko kilikuwa kimegeuka, kilikuwa sasa kimemkaribisha ndani. Yule mama alimwangalia vizuri zaidi, shati lake, kidevu chake kilichotoka kunyolewa, mikono yake iliyotobolewa na sindano.

"Na huko kwako kuna nini? Hapa wametuambia kuna bafu la moto na muziki."

"Hakuna kitu. Jioni tunakaa, tunaongea."

"Mnaongea nini?"

Fundi aligeukia ukingo. Alisikia mtu akipiga kelele korongoni, ile kelele ndefu ya anayeanguka huku akijua kamba itamrudisha. Pembeni, kalamu ya binti yake ilikuwa imesimama juu ya karatasi.

"Mke wangu," alianza, na sauti ilimtoka safi, bila kukwama popote, "alikuwa mwongo wa aina ambayo hamjawahi kuona."

Yule mama aliutua mkoba wake chini.